Injini Iliyokunywa Chumvi

Lori la baba lilikaa uani kwetu miaka saba bila kusogea. Magurudumu yaliishiwa upepo moja baada ya jingine, mpaka likawa limekalia rimu, na mchanga wa Garissa ukalipanda taratibu. Kuku wa mama walitaga kwenye kiti cha dereva. Mbuzi walilala mchana chini ya tangi lake la maji, kwa sababu ua wetu haukuwa na kivuli kingine cha maana. Watoto wa jirani walikuwa wameandika kila aina ya upuuzi kwenye vumbi la milango, na mimi nilikuwa nikipita nasahihisha tahajia kimoyomoyo.

Mimi hufundisha Kiswahili katika shule ya upili hapa mjini, kazi ambayo jamaa zangu wameitania tangu siku ya kwanza. Husema nimeacha lugha ya nyumbani nikaenda kula kwa lugha ya kuazima. Huwajibu kwamba angalau mimi nala. Nina ulimi mkali, nao wanajua, na wanafunzi wangu wanajua zaidi. Kalamu yangu nyekundu haikuwahi kupita kosa ikaliacha, na kwa muda mrefu niliona hiyo ni sifa.

Nililichukia lori lile, na sioni haja ya kuficha. Baba alikuwa amepata kiharusi kilichompooza upande wa kulia. Choo na bafu vilikuwa mwisho wa ua, na kila mara mimi na mama tulipombeba kumpeleka huko, ilitubidi kulizunguka lori lote, baba mguu mmoja ukiburuta mchangani, mama akihema. Mahali liliposimama ndipo nilipotaka kujenga chumba chenye bafu ndani, mlango mpana, sakafu ya saruji, ili mzee asibebwe tena kama gunia. Chumba hicho kipo sasa. Kina sakafu nzuri, na anayekitumia ni mama peke yake.

Nieleze jambo moja la kwetu kabla sijaendelea. Nyumbani tunaongea Kisomali, na mazungumzo yetu nayaweka hapa kwa Kiswahili, ila lipo neno lisilokubali kuhama. Baba kwetu humwita mwanawe aabo, neno lile lile ambalo mwana humwitia yeye. Mama naye huwaita wanawe hooyo. Mgeni akisikia hudhani watu wamechanganyikiwa. Baba aliniita aabo tangu nizaliwe, akinibembeleza, akinituma, hata siku alizonikasirikia. Jina langu halisi nililisikia shuleni zaidi kuliko nyumbani.

Siku niliyomleta mnunuzi wa vyuma chakavu, sikumwambia baba. Mnunuzi alikuja na nyundo, akawa anazunguka lori akiligonga huku na huku na kutega sikio, kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. Aligonga tangi, akagonga fremu, akafungua boneti akaigonga injini. Mlio ule uliingia ndani. Nilipoenda chumbani nilimkuta baba amelala chali, machozi yanateremka kuelekea masikioni, na mkono wake mzima haukuwa unayafuta. Sikuwahi kumwona baba akilia. Hata tulipomzika bibi, mama yake, hakulia mbele yetu.

Wakati huo alikuwa bado anaongea, polepole, kwa nusu ya mdomo. Alisema lori niuze, tangi niuze, kila kitu niuze, ila injini nisiiuze kabla haijafunguliwa na fundi. Injini ile haikufa, alisema, imelala. Kisha akaniambia mpango aliokuwa ameufikiria katika kulala kwake kote. Utingo wake wa zamani, yaani msaidizi aliyepanda naye lori lile tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, sasa ana shamba dogo kando ya mto Tana upande wa Kotile. Analima ndizi na mboga, na maji anayateka kwa ndoo. Injini ingefungwa pampu ukingoni, ikavuta maji. Lakini kabla haijapelekwa, baba alitaka iwashwe hapa uani, aisikie mara moja.

"Mara moja tu, aabo," alisema. "Halafu ichukuliwe."

Nilimwekea sharti. Fundi aje, aifungue, na neno la fundi liwe la mwisho. Akisema ni nzima, itaenda Kotile. Akisema imekufa, vyote vitaondoka wiki hiyo hiyo na mimi nichimbe msingi. Baba alinyoosha mkono wa kushoto akanishika vidole chini ya shuka, kama madalali wa ngamia wanavyopatana sokoni bila wengine kuona, akavibonyeza. Nilicheka. Biashara ikawa imefungwa.

Fundi niliyempata alikuwa mtu wa Mwingi, mnene, mpole, aliyekaa Garissa miaka mingi na kabla ya hapo alitengeneza jenereta za wafanyabiashara wa soko la Ifo. Siku ya kwanza hakuifungua injini. Alitoa sindano za dizeli akachungulia matundu, akajaribu kuzungusha injini kwa chuma kirefu, ikagoma. Alisema kutu imezishika pistoni, lakini kushikwa si kufa. Akamimina dizeli katika kila silinda na kuiacha inywe. Boliti alizipaka mafuta ya breki. Kisha akakaa chini na kunywa chai ya mama, akiniambia kwamba injini ya zamani ni ya kubembelezwa, kwani ukiilazimisha unavunja kilichokuwa kizima.

Kesho yake aligonga boliti moja kwa nguvu, na mama akatoka jikoni mbio. Mama hasemi Kiswahili ila akilazimika. Alisimama mbele ya fundi na kijiko mkononi.

"Fundi," alimwambia, "biga bole bole. Mzee nasikia."

Fundi aliinamisha kichwa kama aliyekosea kanisani. Tangu hapo aliifunga nyundo kwa kitambaa kizito, na ule mlio ukawa mdogo. Mimi, ambaye ningemsahihisha mwanafunzi katika kila neno la sentensi ile, sikuwa na la kusahihisha.

Baba aliuliza swali moja kila baada ya swala: imezunguka? Nikamjibu bado. Alasiri ya siku ya tatu fundi aliita, nikaenda nikamkuta amening'inia kwenye kile chuma kirefu kwa uzito wake wote, na chuma kinashuka. Kilishuka polepole, kwa kukwaruza, robo mzunguko. Akakirudisha juu, akakishusha tena. Krenki, mhimili wa injini, ilikuwa inazunguka.

Nilikimbia, mimi mtu mzima mwenye vazi la kufundishia, nikamwambia baba. Alicheka kwa nusu ya uso wake. Aliomba chai ya maziwa ya ngamia, akaimaliza, jambo ambalo hakulifanya kwa miezi. Aliomba nimpigie simu utingo wake. Nikaiweka simu kifuani pake kwa sauti ya juu, na wazee wawili wakapanga mambo yao: injini ikae wapi ili mto ukifurika isifikiwe, bomba liwe la upana gani, nani atakuwa akiiwasha. Utingo alisema ataanza kusafisha mahali kesho asubuhi. Mimi nilisimama pale mlangoni, na niseme ukweli, nilikuwa nimeambukizwa. Nilianza kuusikia ule mlio kichwani. Nilipokuwa mdogo tuliusikia ukitokea barabara kuu kabla lori halijaonekana, na mama aliweka sufuria motoni kwa kuufuata huo.

Siku iliyofuata fundi aling'oa silinda hedi, kifuniko kile kizito cha juu. Nilikuwa nimetoka shuleni mapema kwa ajili hiyo. Aliponiita nilijua kwa sauti yake.

Ndani ya njia za maji, zile nafasi ambamo maji ya rejeta hupita kuipoza injini, kulikuwa kumejaa ukoko. Ulikuwa mweupe na mwekundu, mgumu, umepandana matabaka, na njia nyingine zilizibwa kabisa. Fundi aliukwangua kwa bisibisi, akauweka kidoleni, akauonja kwa ncha ya ulimi na kutema. Alinipa nami nionje. Ilikuwa chumvi.

Aliniuliza kama nina chaki. Mwalimu hakosi chaki mkobani. Fundi aliusafisha ubavu wa bloku, ule mwili wa chuma unaobeba vitu vyote, akaupaka mafuta taa, akasubiri, akaufuta ukakauka kabisa. Kisha akaponda chaki zangu mbili na kuusugua ule unga juu ya chuma mpaka pakawa peupe. Tulikaa tukitazama. Baada ya muda mfupi mstari mwembamba wa majimaji ulianza kujichora wenyewe juu ya ule weupe, ukapinda, ukashuka karibu urefu wa kiganja. Mafuta taa yalikuwa yameingia kwenye ufa na sasa yalikuwa yanarudi. Maishani mwangu nimechora mistari mingi juu ya makosa ya watu. Huo ulikuwa unajichora bila kalamu.

Mahali pengine, kati ya silinda na njia ya maji, fundi alibonyeza bisibisi kidogo tu na ikazama. Chuma kilikuwa kimelika kikabaki kama gamba. Alisema krenki ni nzima, pampu ya dizeli ni nzima, stata inaweza kufufuliwa. Silivu hubadilishwa, pistoni hununuliwa. Lakini bloku ikipasuka na kuoza hivi, hata ukiichomelea leo, kesho inapasuka kando. Hakuna cha kuokoa hapo.

"Mwalimu," aliniuliza, "nani alikuwa anawekea hii gari maji?"

Nikamwambia ni baba yangu, dereva wake wa pekee.

"Basi aliinywesha chumvi. Si siku moja, ni miaka. Na huu ufa ni wa maji baridi kwa injini moto. Hiyo hata dereva wa wiki moja anajua ni kuua." Akalitazama tangi. "Na ilikuwa inabeba nini?"

Nilimwambia ilibeba maji matamu. Baba aliyachota mtoni na kuyapeleka bara, kwa wafugaji waliokuwa mbali na mto, ambako visima vina maji ya chumvi ambayo mifugo huyavumilia na watu huyanywa kwa taabu.

Fundi alitikisa kichwa. Alisema mtu amebeba mto mzima mgongoni halafu anaipa injini chumvi. Alicheka, bila ubaya, kama mtu achekavyo mambo ya dunia. Na mimi nikacheka naye. Kile kicheko nimekijutia kuliko maneno mengi niliyowahi kusema.

Nilimlipa nikaingia ndani. Ningeweza kukaa kwanza. Ningeweza kunawa mikono, kuswali, kumsubiri mama amalize kumlisha. Lakini nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilitokana na matumaini ambayo sikuyataka na ambayo yeye ndiye aliyeniambukiza. Niliona pia miaka yote ambayo tulikula kwa lori lile, na siku liliporudi likivutwa, na maisha yetu yalivyobadilika tangu siku hiyo. Nikasimama miguuni pa kitanda kama nisimamavyo mbele ya mvulana wa kidato cha pili aliyepoteza kitabu.

"Imekufa," nilisema. "Na aliyeiua ni wewe, aabo. Uliipa maji ya chumvi miaka yote, na tangi limejaa maji matamu nyuma yako. Halafu ukaimwagia maji baridi ikichemka. Fundi amenicheka."

Baba alinitazama. Uso wake uliopooza haukuonyesha kitu, na ule mzima nao haukuonyesha.

"Maji yalifika," alisema.

Nikamuuliza maji gani.

"Yalifika," akarudia, na kugeuza uso ukutani.

Nilienda jikoni nikamwambia mama kwamba akili ya mzee sasa imeanza kuchanganyika, naongea habari za injini, yeye anajibu habari za maji. Mama alikuwa anapepea jiko. Alisema labda nimempigia kelele. Nikasema sikupiga kelele, na ilikuwa kweli. Nilikuwa nimesema kwa ile sauti ya chini ambayo wanafunzi wangu huiogopa zaidi.

Jioni nilipompelekea uji, baba alisema, "Asante, mwalimu."

Nilidhani ni utani. Asubuhi aliponitaka nimgeuze, alisema, "Mwalimu, nisaidie upande huu." Alikuwa na adabu kamili. Hakukunja uso, hakukataa chakula, hakuuliza tena habari za injini. Alinishukuru kwa kila kitu, na kila shukrani ilikuwa na neno lile ambalo nimeitwa na mji mzima, na ambalo kutoka kwake sikuwahi kulisikia. Kwa siku mbili niliitwa mwalimu ndani ya nyumba ya baba yangu. Ningeweza kuinama nikaomba radhi, lilikuwa jambo la dakika moja. Lakini niliona haki ni yangu. Ufa nimeuona kwa macho, chumvi nimeionja kwa ulimi. Nilisubiri yeye alainike kwanza.

Siku ya tatu nilikuwa darasani mama aliponipigia simu. Kiharusi cha pili. Hospitali walifanya waliloweza na baada ya siku chache wakaturudishia mtu anayepumua, anayemeza uji kidogo, anayetazama. Maneno yalikuwa yamekwisha. Daktari alisema huenda anasikia na huenda hasikii, na kwamba tuzungumze naye tu.

Katika heka heka zile hakuna aliyemkumbuka utingo. Alitokea kwetu asubuhi moja na pikapu ya kukodi, kamba mpya, na magunia ya kulalia injini. Alikuwa amesafisha mahali. Alikuwa amejenga hata kibanda cha makuti na miti ya mathenge ili isipigwe na jua. Nilipomwona ameshuka na kamba begani, nilimpokea kamba ile nikamwambia kwanza habari za baba.

Alikaa na baba kwa muda mrefu, amemshika mkono, akimsimulia habari za mto. Alipotoka alikwenda moja kwa moja kwenye bloku, iliyokuwa bado chini ya boneti, unga wa chaki ukiwa ubavuni. Nilimweleza yote aliyosema fundi. Nikamwambia na nililomwambia baba, kwa sababu sikuweza kuendelea kulibeba peke yangu. Aliupitisha ukucha juu ya ule ufa.

"Huu naujua," alisema. "Nilikuwepo ulipozaliwa."

Alinisimulia akiwa amechuchumaa, bila kunitazama. Mwaka ule wa ukame lori lilipokufa, kabla halijachota maji, kila nyumba kule bara ilikuwa imekwishapanga pipa lake mstarini. Maji yaligawanywa kabla hayajafika. Watu walikuwa wameuza mbuzi wao wa mwisho kuyachangia, na baba alizijua nyumba zote, nani ana watoto wangapi, nani ana mgonjwa. Kwa hiyo maji ya tangi hayakuwa yake. Yalikuwa amana. Ya kwake yalikuwa mitungi miwili aliyoijaza mtoni, mmoja wa kunywa na mmoja wa rejeta. Lakini barabara ile huwezi kuipita mwaka wa ukame na mtungi uliojaa. Watu husimama kandoni. Hawakunyooshei mkono, husimama tu. Baba hakuwahi kumpita mtu mwenye kiu. Mitungi yote miwili ilikwisha kabla ya nusu ya njia, kila safari, mwaka baada ya mwaka, na injini ilipoanza kuchemka walitafuta kisima cha karibu na kuipa maji yanayonywewa na mifugo.

Hapo ndipo nilipoelewa. Maji matamu ni ya watu, maji ya chumvi ni ya mifugo, hivyo ndivyo kwetu kulivyo. Baba aliihesabu injini pamoja na mifugo.

Siku ya ufa, utingo alisema, walikuta mwanamke na watoto wawili chini ya mti, punda wao amekufa. Baba aliwapa mtungi wa mwisho. Mbele kidogo injini ikachemka kupita kiasi, na kulikuwa bado na mwendo. Utingo alimwomba wafungue tangi watoe ndoo moja. Moja tu, nani angejua. Baba alikataa.

"Aliniambia, ndoo moja ni nyumba ya mtu," utingo alisema. "Nikamwambia, basi tungoje ipoe. Akasema watu wale wanatungoja tangu jana. Nikaenda kisimani, nikaleta maji ya chumvi ya baridi. Nikamwambia, itapasuka. Akasema, ni chuma hiki, adeer, kama alivyozoea kuniita. Akamimina mwenyewe."

Injini iliitika kwa ndani, alisema, sauti ndogo tu. Tangu hapo ilivuja. Walikwenda wakisimama, yeye akikimbilia visima na mtungi, baba akimimina, injini ikilia kama mnyama, siku nzima kwa mwendo ambao kwa kawaida ni wa saa mbili. Lilipozimika mara ya mwisho lilikuwa limesimama mbele ya mapipa.

Nilijua jibu, lakini nilimuuliza.

"Na maji?"

"Yalifika," alisema. "Yote. Hakuna pipa lililorudi tupu."

Nikamuuliza kwa nini baba hakutueleza lolote miaka yote hii, sisi tuliodhani ameharibu gari kwa uzembe. Alinitazama kwa mara ya kwanza, akashangaa kidogo. Alisema kuna nini cha kueleza.

Niliingia ndani nikapiga magoti kando ya kitanda. Nilimwambia, aabo, maji yalifika, nimesikia, yalifika yote, nisamehe. Nililirudia mara nyingi. Alikuwa anatazama dari. Mkono wake wa kushoto nilioushika chini ya shuka haukubonyeza kitu.

Utingo alifungasha krenki, pampu ya dizeli na stata katika yale magunia, akasema atatafuta bloku nyingine ya aina ile, hata ichukue miaka. Bloku yetu nilimwambia nataka kuibakiza, niiweke uani mahali pazuri. Alicheka, kicheko cha kwanza tangu aje. Alisema mzee akijua nimeweka chuma kibovu uani kwa heshima yake atainuka anifukuze. Ni chuma, alisema. Nilikaa na maneno hayo siku nzima. Kesho yake nikampigia yule mnunuzi wa vyuma aje achukue vyote.

Walikuja wanne, na nyundo kubwa, kwa sababu bloku ilikuwa nzito mno kuinuliwa nzima. Nilimwambia mama atoke akae kwa jirani. Mimi nilifunga dirisha, nikakaa kitandani na baba, nikamshika mkono. Sikutaka ausikie mlio ule peke yake mara ya pili.

Nyundo ya kwanza ilipoanguka nilihisi mwili wake umeshtuka. Ya pili pia. Nilikuwa nimemwinamia, nalia, namwita jina lile moja tunaloitana, sina jingine la kusema. Nje waligonga mpaka chuma kikaachana, nikasikia vipande vikianguka mchangani, kisha kimya. Kidole chake kimoja kilikuwa kinasogea katika kiganja changu. Niliinua kichwa. Alikuwa ameacha kutazama dari, ananitazama mimi, na nusu ile hai ya mdomo ilikuwa inahangaika na kitu. Ilichukua muda mrefu, kwa kukwaruza.

"Aabo," aliniita.